Umetaboli wa Seli za Kinga na Michochota ya Ngozi: Maelezo kwa Mazingira ya Kasulu na Kibondo

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi seli za kinga zinavyopata na kutumia nishati, na jinsi matumizi hayo yanavyochangia kuamua iwapo mchochota wa ngozi utatulia au utaendelea. Maelezo yamejengwa juu ya maradhi matatu, yaani upele, soriasisi na pelagra, katika mazingira ya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hususan wilaya za Kasulu na Kibondo. Hoja kuu ni kwamba elimu hii, ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ya maabara za mbali, tayari imo ndani ya dawa zinazotolewa na ndani ya chakula kinacholiwa katika wilaya hizo. Mhudumu wa afya anayeielewa hufikia uamuzi tofauti na yule anayeitazama ngozi kwa juu tu.

1.0 Utangulizi

Nyanda za juu za Buha, ambamo zimo Kasulu na Kibondo, zina msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza karibu na Oktoba au Novemba na kuishia mwezi Mei. Baada ya hapo hufuata kiangazi chenye usiku wa baridi, upepo na vumbi. Wenyeji wengi ni wakulima wa mahindi, maharage, mihogo na migomba. Pamoja nao, kwa miongo kadhaa, wameishi watu waliokimbia vita na machafuko katika nchi jirani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Na tangu mwaka 2015, Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi, Nyarugusu ilielemewa na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena.

Katika mazingira ya namna hii ngozi huumia kwa njia nyingi. Watu wanaolala wamebanana huambukizana upele. Hewa kavu ya kiangazi huchochea ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mtu mwenye soriasisi huweza kuzunguka miaka mingi kutoka duka la dawa hadi kwa mganga wa tiba asili bila kuambiwa jina la ugonjwa wake. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kiko Moshi, upande mwingine kabisa wa nchi. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza kuhusu ngozi ya mgonjwa wa Kibondo hufanywa zahanati, na mtu ambaye hakusomea ngozi. Ni kwa ajili ya uamuzi huo wa kwanza kwamba maelezo yafuatayo yana umuhimu.

1.1 Istilahi

Neno mchochota linatumika hapa kwa maana ya mwitikio wa mwili dhidi ya madhara: damu nyingi kufika mahali pamoja, seli za kinga kukusanyika, na mahali hapo kuvimba, kupata joto, kuwasha au kuuma. Vitabu vingi huongeza dalili ya wekundu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi mchochota huonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliozidi weusi wa kawaida, na ukishapoa huacha madoa meusi yanayodumu miezi. Anayesubiri kuona wekundu atasubiri bure.

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayofanyika ndani ya seli ili kupata nishati na malighafi za kujenga. Sitokini ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kupashana habari. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. NAD, ambayo itatajwa mara nyingi, ni molekuli inayopokea na kukabidhi elektroni wakati chakula kinapovunjwavunjwa ndani ya seli. Pasipo NAD, uvunjaji huo husimama.

2.0 Jinsi seli ya kinga inavyobadili chakula chake

Seli T iliyopumzika haihitaji mengi. Huzunguka katika damu na tezi za limfu, ikitumia kiasi kidogo cha glukosi na asidi za mafuta, na kuvichoma ndani ya mitokondria kwa kutumia oksijeni. Njia hii ni ya uangalifu: molekuli moja ya glukosi huzalisha takriban molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya seli.

Seli hiyo inapokutana na kile ilichoandaliwa kukitambua, tabia yake hubadilika ndani ya saa chache. Huongeza milango ya kupitishia glukosi kwenye utando wake, hasa mlango uitwao GLUT1, na kuanza kumeza glukosi kwa wingi. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya glukosi hiyo haipelekwi kwenye mitokondria. Huvunjwa nusu njia kwa mchakato wa glikolisisi, unaotoa ATP 2 tu kwa kila molekuli, kisha mabaki yake hutupwa nje kama laktati, ingawa oksijeni ipo ya kutosha. Mwanakemia wa Ujerumani Otto Warburg aliona tabia kama hii katika seli za saratani katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni alama ya ugonjwa. Baadaye ilidhihirika kwamba seli nzima za kinga nazo hufanya hivyo.

Kwa nini seli ichague njia ya hasara? Jibu ni kwamba seli iliyoamshwa haitafuti nishati peke yake, inataka kuongezeka. Seli moja inapaswa kuwa maelfu ndani ya siku chache, na kila seli mpya inahitaji utando, protini na vinasaba vyake. Glikolisisi ni ya haraka, na katikati ya hatua zake hupatikana malighafi za kujengea vitu hivyo vyote. Mtu anayejenga nyumba hawezi kuzichoma mbao zote ziwe kuni, hata kama moto wake ungekuwa mzuri.

Uchaguzi wa chakula pia huelekeza aina ya seli itakayotokea. Seli T changa inaweza kukua kuwa Th17, ambayo hutoa sitokini iitwayo IL-17 na kuchochea mchochota, au kuwa seli ya utulizaji, ambayo kazi yake ni kuwazuia wenzake. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa tangu mwaka 2011 yameonyesha kwamba Th17 hutegemea sana glikolisisi, huku seli za utulizaji zikielekea zaidi kuchoma mafuta katika mitokondria. Glikolisisi ikizuiwa wakati seli inakua, mizani huinamia upande wa utulizaji. Hivyo basi, chakula cha seli si matokeo tu ya kazi yake. Ni sehemu ya amri inayoiambia iwe nini.

Kuna seli nyingine za kutajwa, yaani makrofaji, ambazo humeza vijidudu na mabaki. Zinapochokozwa, mzunguko wa kikemia ulioelezwa na Hans Krebs mwaka 1937 hukatika katika baadhi ya hatua zake, na vitu viwili hurundikana. Cha kwanza ni suksinati, ambayo huongeza utoaji wa sitokini kali ya IL-1. Cha pili ni itakonati, ambayo hufanya kinyume na kuzima moto huo. Seli ileile hutengeneza kichocheo na breki kutoka katika mzunguko mmoja.

Tahadhari moja inahitajika kabla ya kuendelea. Joto linalohisiwa kwenye ngozi iliyochochota halitokani moja kwa moja na seli hizi kuchoma glukosi nyingi. Hutokana zaidi na damu yenye joto iliyoongezeka mahali hapo.

3.0 Upele: kwa nini muwasho huchelewa, na kwa nini hauishi upesi

Upele husababishwa na mdudu mdogo, Sarcoptes scabiei, anayechimba vijia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Mgonjwa wa kawaida hubeba wadudu wachache mno, mara nyingi kumi hadi kumi na tano tu. Muwasho unaomnyima usingizi, kwa hiyo, haufanywi na wadudu hao wachache kwa meno yao. Hufanywa na kinga yake mwenyewe, inayoitikia mate, mayai na kinyesi chao.

Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na katika muda huo huweza kuwaambukiza wote anaolala nao. Anayeambukizwa tena baada ya kupona huanza kuwashwa ndani ya siku moja au mbili. Sehemu ya maelezo ya tofauti hiyo imo katika yale yaliyokwisha elezwa. Mara ya kwanza, seli chache zinazomtambua mdudu lazima ziamshwe, zibadili chakula chake na kuongezeka kutoka chache hadi nyingi. Baada ya ugonjwa kupona, baadhi ya seli hizo hubaki kama seli za kumbukumbu. Tafiti zimeonyesha kwamba seli za kumbukumbu huwa na akiba kubwa zaidi ya uwezo wa mitokondria kuliko seli changa. Zikichokozwa tena hazianzi safari upya.

Jambo hili lina matokeo mawili katika tiba. Kwanza, kumtibu anayejikuna peke yake ni kazi bure, kwa kuwa wenzake walio kimya wanaweza kuwa wamekwisha beba mdudu. Dawa ya benzili benzoeti au ivermektini hutolewa kwa kaya nzima siku moja. Katika kambi, ambako "kaya" huweza kuwa watu wanane chini ya turubai moja, maana ya neno hilo inafaa kuulizwa vizuri. Pili, muwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mabaki yao bado yamo ngozini na seli za kinga bado zimeamka. Mgonjwa asiyeambiwa hilo huamini kwamba dawa imeshindwa, hujipaka benzili benzoeti kila siku, na dawa hiyo yenyewe huichoma ngozi na kuzaa mchochota mpya juu ya ule wa zamani. Maelezo ya dakika moja dirishani pa dawa yangemwepusha na hayo yote.

4.0 Soriasisi: seli zisizohama

Katika soriasisi mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hakuna mdudu wa kuua. Seli za tabaka la juu la ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua takriban wiki nne kupanda kutoka chini hadi kupukutika, huongezeka kwa kasi hata safari hiyo ikafanyika kwa siku chache tu. Magamba meupe yanayoonekana kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwa ni seli zilizofika juu kabla hazijakomaa. Nyuma ya kasi hiyo zimo seli Th17 na sitokini zake.

Uongezekaji wa namna hiyo huhitaji malighafi, na malighafi hizo huja na glukosi. Mwaka 2018 watafiti wa Dallas, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuondoa mlango wa GLUT1 katika seli za ngozi za panya. Ngozi ya panya hao iliendelea kuwa ya kawaida katika hali ya utulivu. Bali ilipojeruhiwa, au ilipochochewa ifanane na soriasisi, seli zilishindwa kuongezeka kama inavyotarajiwa na mchochota ukapungua. Ngozi yenye afya, kumbe, inaweza kuishi kwa glukosi kidogo, lakini ngozi yenye soriasisi haiwezi. Tofauti hiyo ndiyo inayotafutiwa dawa.

Mgonjwa wa soriasisi hulalamika kwamba doa hupotea kwa dawa na kurudi palepale. Malalamiko hayo ni sahihi kabisa. Baadhi ya seli T za kumbukumbu hazirudi kwenye damu. Hubaki zikiishi ndani ya ngozi iliyowahi kuugua. Mwaka 2017 ilionyeshwa katika panya kwamba seli hizo wakazi hutegemea asidi za mafuta zinazozichukua kutoka katika mazingira yao, kwa msaada wa protini maalumu za kubebea mafuta. Zikinyimwa protini hizo, hazidumu. Ngozi ina mafuta mengi na glukosi haba, na seli hizo zimejifunza kuishi kwa kile kinachopatikana. Isidhaniwe kwamba kupaka mafuta ngozini kunazilisha. Mafuta ya mgando, na mafuta mengine yasiyo na manukato, hufanya kazi nyingine kabisa, ya kuzuia maji yasitoke katika ngozi kavu, na katika kiangazi cha Kasulu ni sehemu ya tiba ya soriasisi na ya ukurutu pia.

Ni vyema ikumbukwe pia kwamba soriasisi huzuka juu ya majeraha, jambo lililoelezwa na Heinrich Koebner katika karne ya 19. Mikwaruzo ya kuni mabegani, michubuko ya jembe na chanjo za wembe zinazochanjwa juu ya doa kwa nia ya kulitibu, zote zinaweza kuwa mlango wa doa jipya. Vilevile, soriasisi inayojitokeza ghafla na kuenea mwili mzima kwa mtu mzima ni sababu ya kutosha ya kumshauri apime VVU, kwani maambukizi hayo huweza kuizidisha, na dawa za kufubaza virusi huweza kuipunguza.

5.0 Dawa za zamani kwa macho mapya

Dawa zilizo nyingi katika maduka ni krimu za steroidi. Zimetumika tangu miaka ya 1950, na kwa muda mrefu ilielezwa kwamba kazi yake ni kuzima vinasaba vinavyotengeneza sitokini. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayakukamilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba steroidi hugeuza pia umetaboli wa makrofaji, zikairudisha kazi kwenye mitokondria na kuongeza itakonati. Panya wasioweza kutengeneza itakonati hawakupata nafuu ileile. Dawa inayouzwa kila mahali, basi, hufanya kazi kwa kiasi fulani kwa kushika breki ambayo mwili ulikuwa nayo tayari.

Hapo ndipo ilipo hatari yake. Breki haichagui. Steroidi ikipakwa juu ya upele au choa, huzima kinga iliyokuwa ikipambana na mdudu au fangasi. Muwasho hutulia, mgonjwa hufurahi, na ugonjwa huenea ukiwa umebadilika sura hata mtaalamu asiutambue. Krimu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki katika tyubu moja humpa muuzaji nafasi ya kutibu bila kujua anatibu nini. Zile kali zikitumika miezi mingi, pamoja na zinazopakwa kwa ajili ya kujichubua, hupunguza unene wa ngozi na kuacha mistari isiyofutika. Katika soriasisi, kuziacha ghafla baada ya kuzitumia kwenye eneo kubwa huweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu kuliko mwanzo.

Methotreksati ni dawa nyingine ya zamani. Mtangulizi wake, aminopterini, ilionekana kupunguza soriasisi mwaka 1951, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia umetaboli wa seli za kinga. Kwa dozi ndogo methotreksati huingilia utengenezaji wa malighafi za vinasaba, na husababisha adenosini, molekuli yenye kutuliza, kuongezeka nje ya seli. Ikilinganishwa na dawa mpya za kibayolojia zinazozuia IL-17, bei yake ni ndogo sana, na kwa wagonjwa wengi wa Tanzania hiyo ndiyo dawa ya kumeza inayowezekana. Humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa aliyezoea kumeza vidonge vya malaria au vya shinikizo la damu kila siku hana sababu ya kulijua hilo asipoambiwa, na kuimeza kila siku kunaweza kumuua. Siku ya juma inapaswa kuandikwa kwa maneno juu ya bahasha ya dawa. Ini na chembechembe za damu lazima vipimwe, na dawa hiyo haitolewi kwa mjamzito.

Ya tatu haipatikani kwa urahisi Afrika Mashariki, lakini inafaa kutajwa kwa sababu ya kile inachofundisha. Mwaka 1959 mwanakemia wa Ujerumani, Walter Schweckendiek, aliyekuwa na soriasisi, alieleza jinsi alivyojitibu kwa asidi ya fumariki. Wajerumani waliendeleza dawa hiyo kwa miongo mingi bila kujua kwa uhakika inafanyaje kazi. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba dimethili fumarati hujibandika kwenye kimeng'enya kimoja cha glikolisisi, kiitwacho GAPDH, na kukidhoofisha katika seli za kinga zilizoamshwa. Seli hizo zikikosa njia yao ya haraka, ukali wake hupungua.

Kimeng'enya hichohicho, GAPDH, hakiwezi kufanya kazi bila NAD. Katika dawa iliyotajwa, kimeng'enya huzuiwa kwa makusudi na kwa kipimo, na NAD ipo. Upo ugonjwa ambao ndani yake NAD yenyewe hupungua mwili mzima, na ngozi huwa ya kwanza kusema.

6.0 Pelagra: umetaboli unapokosa malighafi

Pelagra huletwa na ukosefu wa niasini, yaani vitamini B3, ambayo mwili huitumia kutengenezea NAD. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa kuambukiza, hadi Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani aliyeanza kuichunguza mwaka 1914, alipoonyesha kwamba inatokana na chakula. Kitu chenyewe kilitambuliwa mwaka 1937, Conrad Elvehjem alipoponya mbwa wenye ugonjwa unaofanana nayo kwa kuwapa asidi ya nikotiniki.

Popote ilipoenea, pelagra ilifuata mahindi. Niasini iliyomo ndani ya mahindi imefungamana kwa namna ambayo utumbo wa mwanadamu hauwezi kuifungua. Watu wa Meksiko, waliolima mahindi kabla ya wengine, huyachemsha kwa chokaa, na chokaa huifungua. Mahindi yalipoenezwa ulimwenguni, ujuzi huo haukusafiri nayo. Ugali wa Kasulu haupitii chokaa. Kinachomlinda mlaji ni kitoweo. Maharage, karanga, samaki na nyama huleta niasini, na pia triptofani, ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa niasini, ingawa kwa hasara kubwa: miligramu 60 za triptofani hutoa miligramu moja tu.

Tukio lililo karibu zaidi na mazingira yanayozungumziwa lilitokea Malawi mwaka 1990, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji. Karanga zilikuwa chanzo kikuu cha niasini katika mgao wao. Ugavi wa karanga ulipokatika na watu kubaki kwa kiasi kikubwa na mahindi, zaidi ya wagonjwa 18,000 wa pelagra waliandikishwa ndani ya miezi michache. Hakuna kijidudu kilichoingia kambini. Kilichotokea ni kwamba chakula kimoja kilitoka katika gunia.

Mgao katika kambi za Kigoma kwa kawaida huwa na unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi na unga wa uji ulioongezewa virutubisho. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, hivyo nafasi ya kulima au kununua ziada ni finyu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao huo mwaka 2017 na tena mwaka 2023 kwa upungufu wa fedha. Hesabu za mgao hutangazwa kwa kalori, na kalori zinaweza kujazwa na mahindi. Niasini haijazwi hivyo. Kunde na uji ulioongezewa virutubisho ndivyo vinavyosimama kati ya mlaji na pelagra, na ndivyo pia huuzwa kwanza familia inapohitaji sabuni, kuni au dawa. Anayepanga mgao, na anayepima ngozi, wanatazama jambo moja kutoka pande mbili.

Dalili za pelagra hujitokeza palipopigwa na jua: usoni, mgongoni mwa viganja, juu ya miguu, na shingoni kama mkufu, alama iliyoelezwa na Gaspar Casal nchini Hispania katika karne ya 18. Pande zote mbili za mwili huugua sawasawa, na mpaka kati ya ngozi mbovu na nzima huwa kama umechorwa kwa kamba. Kwenye mkono huishia pale shati linapoanzia. Kwanza ngozi huwaka, kisha huwa nyeusi, nene na yenye nyufa. Baadaye hufuata kuharisha na kuvurugika kwa akili, na mwisho kifo.

Kwa nini jua? Miale yake hukata nyuzi za vinasaba katika seli za ngozi, na vimeng'enya vya kukarabati nyuzi hizo hutumia NAD kama malighafi. Mtu mwenye akiba huilipa gharama hiyo bila kujua. Asiye na akiba hubaki na seli zisizoweza kujikarabati wala kupata nishati, nazo hufa na kuita mchochota. Nyanda za juu huongeza mzigo huo, kwa kuwa miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mkulima anayelima kutwa mahali kama Kasulu hulipa zaidi kuliko mvuvi aliyeko chini kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye isitoshe hula dagaa.

Kwa watoto, pelagra haina budi kutofautishwa na unyafuzi, ambao nao hubandua ngozi kama rangi ya ukuta uliozeeka. Kosa hilo lina historia. Cicely Williams alipoeleza ugonjwa wa watoto wa Gold Coast mwaka 1933, Hugh Stannus, aliyewahi kufanya kazi Nyasaland, alisisitiza kuwa ni pelagra tu. Williams alikataa, na wakati ukamthibitisha. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu, na ngozi yake hubanduka hata chini ya nguo, mapajani na makalioni, ambako jua halifiki.

Kwa watu wazima, chanzo cha pelagra huweza kuwa kabati la dawa. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupunguza vitamini B6, na mwili unahitaji B6 ili kugeuza triptofani kuwa niasini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekula ugali na mboga za majani peke yake, akaanza kuwa mweusi mikononi na shingoni katika miezi ya tiba, anaweza kudhaniwa ana mzio wa dawa, au hata kuambiwa kwamba amerogwa. Pombe ya kienyeji iliyochukua nafasi ya chakula huleta matokeo yaleyale. Katika hali hizi krimu ya steroidi haina la kufanya. Hakuna breki ya kushika, kwa maana tatizo si kinga iliyozidi bali seli zilizoishiwa.

Tiba ni rahisi kuliko maradhi yoyote yaliyotajwa katika makala hii: nikotinamidi miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa katika dozi kadhaa, kwa wiki tatu hadi nne, pamoja na vitamini nyingine za kundi B, kunde au samaki, na kukingwa na jua. Nikotinamidi huchaguliwa badala ya asidi ya nikotiniki kwa sababu haisababishi ngozi kuwaka. Kuharisha na mkanganyiko wa akili huanza kupungua ndani ya siku chache, na ulimi hupona ndani ya wiki. Mikono na shingo huchelewa. Ngozi iliyokwisha kuharibika haiponi. Hupukutika, na ile inayochukua nafasi yake huhitaji takriban wiki nne kupanda kutoka chini.